Upande wa Dohani

Doreen Hallam alizinduka Jumamosi ile akasikia upepo, akajua siku imeshaharibika. Haukuwa upepo wa mchezo. Ulikuwa unateremka kutoka vilimani ukipiga mapaa ya mtaa mzima, zile nyumba za matofali zilizoshikana bega kwa bega kuanzia kanisani juu mpaka kwenye baa kule chini, na kila ulipovuma kwa nguvu, kitu fulani ndani ya ukuta wa chumba cha nyuma kiliguna. Mlio mdogo tu. Mtu mwingine angesema panya. Doreen alivuta blanketi mpaka kidevuni akamwomba Mungu, ambaye hakuwa amezoeana naye sana, "Leo tu. Ishikilie leo tu."

Maana leo wanunuzi walikuwa wanakuja kupima mapazia. Ndivyo tulivyo sisi watu wa Sheffield. Bei imeshakubaliwa, mkaguzi ameshapita, mawakili wanaandikiana, lakini pande mbili hazijabadilishana mikataba iliyosainiwa, kwa hiyo yeyote anaweza kuamka na kusema basi, sitaki tena. Na katikati ya kuning'inia huko, watu huja na futi kupima madirisha ya nyumba ambayo si yao bado. Kubadilishana huko kulipangwa Jumatatu. Baada ya hapo Doreen angehamia kwenye kinyumba cha chini karibu na binti yake, kisicho na ngazi. Siku alipopelekwa kukiona, kitu cha kwanza alichouliza ni dohani iko wapi. Walipomwambia hakuna dohani, nyumba zile zimejengwa juzi na zinapashwa joto kwa umeme, alisema anakitaka hata kabla hajaonyeshwa choo.

Watu walicheka. Hawakujua.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Zamani kila chumba cha nyumba hizi kilikuwa na meko, na nyuma ya meko nguzo nene ya matofali inayopanda kutoka jikoni, inapita chumba cha juu, inatoboa paa na kutokea angani. Hiyo ndiyo dohani. Gesi ilipoingia mtaani, wanaume wakaanza kuzikata huko chini jikoni ili wapate mahali pa friji. Clifford, mumewe Doreen, naye akaikata ya kwake. Ilikuwa mapumziko ya Pasaka, na mwanamume wa Sheffield ukimpa siku za kupumzika lazima avunje kitu. Alimwita binamu yake Walt, aliyewahi kufanya kazi za ujenzi, wakapiga nyundo mpaka jikoni pakawa peupe na vumbi likaingia hadi kwenye siagi.

Lakini waliikata chini tu. Ya juu waliiacha. Matofali yote ya chumba cha kulala na yale ya juu ya paa yakabaki yananing'inia, hayana miguu.

"Hapa panataka chuma, Cliff," Walt alisema. "Boriti ya chuma, ukuta kwa ukuta."

"Chuma cha nini? Imesimama tangu enzi za babu yangu bila mimi kuishika."

"Ilikuwa na miguu, bwana."

Clifford akaenda uani akachukua mbao za kitanda cha marehemu mama yake, akazikaza chini ya matofali, akapiga plasta, akapaka rangi. Pakapendeza, lazima tuseme. Walt alipokuwa ananawa mikono akamsogelea Doreen na kumwambia polepole, bila kumtazama, "Mtoto msimlaze chumba kile. Ikishuka, inashuka na kila kitu."

Chumba kile ndicho kilichokuwa cha Janine, binti yao. Nyumba ina vyumba viwili juu, cha mbele na cha nyuma, basi. Doreen alimweleza mumewe siku ileile mezani. Clifford hakuwa mtu wa kupiga. Alikuwa mtu wa kununa. Aliweka uma chini, akamwambia anamfanya mjinga mbele ya ndugu zake, kisha hakumsemesha mpaka maua ya uani yalipochanua. Wakati huo wote alikula chakula alichopikiwa na mkewe kama anakula hotelini kwa mtu asiyemjua. Doreen hakuliuliza tena jambo lile. Alikuwa anaogopa matofali na alikuwa anaogopa ule ukimya, na ukimya ndio aliokuwa anaishi nao kila siku.

Kila baridi ilipokuja, ufa ulijitokeza kwenye dari la jiko. Kila masika Clifford aliuziba. Janine alipoolewa, Clifford akajenga kabati ukuta mzima kule chumbani, dohani ikajificha nyuma ya mashati. Walt akafa, Clifford naye akafa, na Doreen akabaki peke yake na kopo la plasta na ngazi ndogo, akiuziba ufa mwenyewe kwa magoti yanayolia. Mkaguzi wa nyumba alipokuja alifungua kabati, akaona makoti, akafunga. Doreen alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya biskuti. Angeweza kusema. Alisema, "Chukua na ile ya chokoleti."

"Mama Upepo! Umeamka?"

Janine huyo, anaingia kwa mlango wa nyuma na mkate wa moto kwapani. Dalali alikuwa amewafundisha kwamba nyumba ikinukia mkate na kahawa inauzika. Tangu alipokuwa mdogo Janine alimwita mama yake hivyo, Mama Upepo, kwa sababu upepo ukivuma usiku mama mtu alikuwa anaacha kitanda chake anakuja kujibanza kwa mtoto. Familia nzima ilimcheka kwa hilo. Clifford alikuwa akilihadithia baa.

"Mbona umekuwa mweupe hivyo? Umekula?"

"Nimekunywa chai."

"Chai si chakula, mama. Haya, kaa. Jumatatu haiko mbali, usinifie sasa hivi." Janine aliinua macho kwenye dari. "He! Ule ufa umerudi tena. Si umeupaka rangi juzi?"

Doreen alitazama. Ufa ulikuwa umetoka ukutani ukafika karibu na taa. Jana ulikuwa haujafika hapo.

"Ni baridi," alisema. "Plasta inajikunja."

"Nitaweka maua mezani, wataangalia maua."

Kengele ikalia. Gavin, dalali, aliingia wa kwanza, kijana wa viatu vya ncha na nywele zilizolowa mafuta, akivuta hewa puani kwa furaha. "Mkate! Bi Hallam, wewe ni malkia. Sasa mimi nakuomba kitu kimoja, toka kidogo ukatembee. Muuzaji akibaki ndani, mnunuzi hapumui."

"Kuna upepo," Doreen alisema.

"Basi kaa jikoni, kunywa kahawa, tabasamu. Wasipokuuliza, usiwajibu." Akamkonyeza.

Nyuma yake walikuja wanunuzi wenyewe, Stuart na Leanne. Stuart mrefu, mwenye ndevu, mikono haitulii, anagusa kila mlango. Leanne alikuwa mjamzito, na mimba ilikuwa imeshamtangulia. Aliingia akiwa ameishika kwa chini kama mtu aliyebeba tikiti. Alimkumbatia Doreen kabla hajavua kofia.

"Samahani tumekuja tena. Mtatuchoka."

"Hata kidogo, mpenzi. Kaa, unywe chai."

"Nikikaa siinuki tena! Ngoja nikapime chumba cha mtoto kwanza." Akageuka kwa Janine, macho yanamng'aa. "Stuart atalivunja lile kabati, unajua? Kitanda cha mtoto kitakaa palepale, kwenye kile kikona. Nimeshachagua na rangi."

Doreen alishika ukingo wa sinki. Kitanda palepale. Mdomo wake ulifunguka, ukafumba. Alijiambia Jumatatu. Alijiambia wao ni vijana, wataleta fundi, fundi ataona. Mbao zimeshika miaka yote hii, zitashika na mwezi mmoja mwingine. Alikuwa anajiambia maneno ya Clifford, na alijua ni ya Clifford, na bado aliyang'ang'ania.

Wakapanda wote wanne, Gavin mbele anasifia ngazi. Doreen akabaki jikoni na vikombe. Akaweka birika. Akapanga sukari. Juu yake alisikia hatua zao zikiingia chumba cha nyuma, milango ya kabati ikifunguliwa, kicheko cha Leanne.

Upepo ukapiga. Ukutani kukaguna, na safari hii haikuwa kama panya.

Kisha juu, kishindo. Doreen alijua ni nini. Wanaume wa kununua nyumba hawana adabu, lazima waruke kwenye sakafu wapime mbao. Stuart alikuwa anaruka. Kishindo kingine, na vumbi jeupe likadondoka taratibu kutoka kwenye ufa likaingia ndani ya vikombe vya chai.

Na nyuma ya vumbi jeupe, masizi meusi.

Doreen alipanda ngazi. Magoti yale ambayo mwaka mzima yalikuwa yanapanda ngazi moja moja yalipanda haraka, mkono ukutani. Alifika mlangoni akawaona. Stuart katikati ya chumba. Gavin dirishani anatazama simu. Janine ameshika upande mmoja wa futi. Na Leanne amejikunja ndani ya kabati lililo wazi, amesukuma makoti pembeni, kiganja chake kwenye matofali yenyewe.

"Angalia, Stu, kuna dohani humu! Nzuri hivi imefichwa. Tunaweza kuiacha wazi." Akaigonga kirafiki.

Sasa ungedhani mtu angepiga kelele. Mtu wa kawaida, wa mahali pengine, angepiga kelele. Doreen Hallam alisimama pale, akafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki:

"Chai tayari."

"Tunakuja," Leanne alisema bila kugeuka.

"Itapoa."

"Mama, tunakuja," Janine alisema.

"Njooni sasa. Tafadhali. Kuna biskuti."

Gavin alicheka. Stuart akasema, "Sekunde moja tu, nasikiliza hii sakafu, kuna sehemu inayolia." Akainua kisigino.

"Usiruke!"

Sauti ile hata yeye mwenyewe hakuitambua. Wote walimgeukia.

"Usiruke, toka hapo, na wewe mpenzi toka ndani ya kabati, toka haraka, hiyo haina miguu. Huko chini haina kitu. Clifford aliikata. Aliweka mbao za kitanda cha mama yake, basi, ndizo zinazoishika, na zinaachia. Masizi yameanza kumwagika jikoni. Tokeni."

Upepo ulipita juu ya paa. Gavin ndiye wa kwanza kupata ulimi.

"Bi Hallam anatania," alisema, anatabasamu kwa nguvu. "Ni wasiwasi wa kuhama. Tunaona sana hii. Mkaguzi alipita humu, hakuandika chochote."

"Mkaguzi aliona makoti!"

Stuart alimshika mkewe mkono, akamtoa kabatini polepole, akamshusha ngazi. Wengine wakafuata. Jikoni Stuart alipanda juu ya kiti, akaweka kidole gumba kwenye ufa, akabonyeza kidogo tu. Kipande cha plasta kama sahani kilianguka mezani kikavunja jagi la maua. Ndani palikuwa na ubao mweusi, umepinda kama upinde, na katikati umepasuka. Mtu angeweza kuingiza vidole kwenye huo mpasuko. Juu ya ubao, matofali.

Stuart alishuka kwenye kiti taratibu, kwa adabu kabisa, kana kwamba kitu kile kingemsikia.

"Nje," alisema. "Wote. Msifunge mlango kwa nguvu."

Walisimama barabarani ng'ambo ya nyumba, upepo unawavuta nguo, wakitazama juu. Dohani ilikuwa pale juu ya vigae, nene, na vyungu vyake vya udongo vimepangwa vizuri, inaonekana haina habari na mtu. Jirani alitokeza kichwa dirishani. Janine alimpigia kelele atoke naye na paka wake, maana dohani ile ni ya nyumba zote mbili. Gavin alikuwa pembeni anaongea na simu, amegeuza mgongo. Stuart aliwaita zimamoto, nao wakasema wanakuja na watafunga mtaa.

Leanne alikuwa analia kwa hasira. Hakupiga kelele. Alimsogelea Doreen, mikono yote miwili tumboni.

"Ulikuwa unajua," alisema. "Nilikwambia nitaweka kitanda pale. Tulipokuja mara ya kwanza nilikuonyesha picha ya kitanda. Ukanipa keki."

"Ndiyo," Doreen alisema.

"Wewe ni mtu wa namna gani?"

Doreen alisema samahani, na samahani yenyewe ilichukuliwa na upepo. Stuart akamwongoza mkewe mpaka kwenye gari. Alipokuwa anamfungulia mlango aligeuka akamtazama yule bibi kwa muda. Akamwinamishia kichwa kidogo, akaondoka.

Basi ikaisha. Hakuna Jumatatu, hakuna kinyumba cha chini. Kibao cha INAUZWA kilikuwa kinayumba kwenye nguzo yake. Doreen alijikuta anahema vizuri, pumzi inafika mpaka chini, na akaona aibu kwa kuhema vizuri wakati ule. Akamtafuta binti yake kwa macho ili amwambie twende tukakae kwenye gari lako.

Janine alikuwa amesimama nyuma yake, futi bado mkononi, ncha yake ndefu inapeperuka. Hakuwa anatazama paa. Alikuwa anatazama dirisha la chumba cha mbele, ila macho yake yalikuwa yamepita hapo, yako chumba cha nyuma.

"Kitanda changu kilikuwa hapo," alisema.

Doreen alisogea karibu naye.

"Mama. Kabla ya kabati. Kitanda changu kilikuwa kwenye kikona kile kile. Nilikuwa na miaka mingapi baba alipoikata?"

"Sita."

"Na nimelala humo mpaka naolewa." Sauti yake ilipanda. "Ulikuwa unajua tangu lini?"

"Tangu siku ileile. Walt aliniambia."

"Na hukunitoa!"

"Nikutoe nikupeleke wapi, Janine? Nilimwambia baba yako. Alininunia mpaka—" Akaacha. Aliposikia maneno yenyewe yakitoka nje, mchana, barabarani, yalikuwa madogo mno. Mume aliyenuna. Basi. Hicho ndicho kilichokuwa kimemziba mdomo maisha yote. "Nilimwogopa," alisema. "Nilikuwa mwoga. Sina jingine la kusema."

Janine alifuta pua kwa nyuma ya mkono kama mtoto. Alitaka kusema kitu kikali, ilionekana wazi, alikuwa ameshavuta hewa. Kisha kikakwama. Uso wake ulibadilika polepole.

"Upepo," alisema.

Doreen aliangalia viatu vyake.

"Ulikuwa unakuja upepo ukivuma. Kila mara. Unasema unaogopa, nikupishe. Na mimi nilikuwa nataka upande wa ukutani, kwenye matofali, nilikuwa naupenda, na ulikuwa unaninyima. Nililia kabisa siku moja. Ulinivuka ukajibana pale ukanikumbatia, mgongo wako kwenye dohani." Alimshika mama yake mkono wa koti. "Tukakucheka. Baba akawahadithia baa nzima."

"Walicheka sana," Doreen alisema.

"Mama, ungezuia nini? Matofali yale yote? Wewe na gauni lako la kulalia? Yangetuua wote wawili."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

Ving'ora vya zimamoto vilianza kusikika chini kwenye baa. Doreen alifunga kitufe cha juu cha koti lake.

"Nilikuwa sitaki uwe peke yako," alisema.